Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwongozo wa Daftari la Vifaa vya Mtandao Wetu

Ndugu wanachama, wazee wangu shikamooni.

Habari ya fedha naipitia kwa ufupi, maana mweka hazina atasoma hesabu mwenyewe baada yangu. Ada ya intaneti imelipwa kila mwezi, hatudaiwi, na nguzo ya antena iliyoangushwa na kusi imesimamishwa upya. Muda uliobaki nauomba kwa jambo moja: mwongozo wa programu inayoandika vifaa vinavyoingia kwenye mtandao wetu.

Pale ofisini Ngamiani, juu ya ruta, kile kifaa kinachotugawia intaneti, kuna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Ndani yake mna programu iitwayo arpwatch, iliyotengenezwa katika maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani. Kijana aliyetufungia alifanya kwa kujitolea na alitutumikia kwa moyo. Mwaka huu kapata kazi Dodoma. Alipoondoka tu, tukagundua kuwa maelezo yote ya programu ile alikuwa nayo kichwani, nasi tumebaki na skrini iliyojaa namba. Simlaumu. Kamati ndiyo iliyokosea, kwa kutomkalisha na mtu mwenye kalamu.

Katika mwongozo, tulichoandika mwanzo ni kazi ya programu inavyokwenda. Kifaa kikitaka kuzungumza na kingine ndani ya mtandao wetu, hutangaza swali: nani mwenye anwani hii ya IP, yaani namba ya kifaa humo mtandaoni? Mwenyewe hujibu kwa anwani yake ya MAC, yaani kitambulisho cha kifaa chenyewe, ile yenye jozi 6 za herufi na tarakimu. Utaratibu huo uliandikwa mwaka 1982 na ungali unatumika. Programu husikiliza tu majibizano hayo, kisha huandika anwani zote mbili, muda, na jina la kifaa kama lipo. Haisomi ujumbe wa mtu wala haijui umefungua ukurasa gani. Hili nalitilia mkazo kwa kuwa nimeulizwa barazani zaidi ya mara moja.

Ukurasa uliotutoa jasho ni wa saa. Muda huandikwa kwa hesabu ya sekunde tangu Januari 1, 1970, kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa 3. Katibu alipoigeuza hesabu ile alipata 17:00, akaisoma saa kumi na moja jioni. Kumbe hapa Tanga ilikuwa 20:00, yaani saa mbili usiku. Kwa kosa hilo tulimhoji mwanachama mwenye duka kuhusu kompyuta ngeni iliyoonekana, tulivyodhani, yeye akiwa kazini. Alikuwa ameshafunga tangu magharibi. Nilikwenda kwake kumwomba radhi, na leo namwomba tena mbele yenu. Sasa kila muda unaandikwa mara mbili, kwa saa ya kompyuta na kwa saa ya Kiswahili, na asubuhi au usiku lazima itajwe.

Tena kuna umeme. Kompyuta yetu haina betri ya saa. Umeme ukikatika, ikiwaka huendelea kuhesabu kuanzia pale ilipoishia, mpaka intaneti irudi na kuisahihisha. Kwa hiyo kila umeme unapokatika, aliye zamu ataandika kwenye daftari la karatasi saa ulipokatika na saa uliporudi. Bila daftari hilo, kumbukumbu za siku hiyo zisitumike kumhoji mtu yeyote.

Kuhusu ujumbe wa programu, tumeacha maneno yake kama yalivyo, kwa kuwa ndivyo yanavyotokea kwenye skrini, na chini yake tumeeleza kwa Kiswahili. "New station" maana yake anwani hii ya MAC haijawahi kuonekana. "Flip flop" ni anwani moja ya IP inayorukaruka kati ya vifaa viwili. Mara nyingi ni watu wawili waliojiwekea namba moja kwa mkono. Lakini ikitokea kwenye anwani ya ruta, huenda kuna kifaa kinachojifanya ruta ili kunasa mawasiliano yetu. Hapo msingoje kikao, mpigieni fundi papo hapo.

Mnakumbuka tulipobadilisha jina la waifai? Kesho yake orodha ilifurika vifaa vipya na wengine wakasema nywila imeibwa. Haikuibwa. Kuanzia mifumo ya simu ya Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya iPhone ya mwaka 2020, simu hujitungia anwani ya MAC ya bandia kwa kila jina la mtandao. Jina likibadilika, simu yako ileile huonekana ngeni. Alama yake ni herufi au tarakimu iliyo ya pili katika anwani: ikiwa 2, 6, A au E, jueni ni ya kutungwa. Ndiyo maana taarifa hii haitaji idadi ya watumiaji wetu. Anwani si watu.

Mzazi mmoja alikuja ofisini akitaka aonyeshwe simu ya bintiye ilionekana saa ngapi. Namwelewa, nami ni mzazi, ila nilimkatalia. Orodha ya namna hii ikikaa muda mrefu inaeleza nani yuko nyumbani na nani katoka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na kamati imeona hatuna haja ya kungoja kukumbushwa. Anayefungua kumbukumbu ni katibu na fundi peke yao, na anwani isiyoonekana kwa siku 90 inafutwa. Tutapoteza kitu: programu ina ujumbe wa kutambua kifaa kilichorudi baada ya miezi 6 au zaidi, na kwetu hautatokea tena. Mji wetu ni wa waja leo waondoka leo. Mgeni aliyekuja likizo ya mwaka jana tutampokea kama mpya.

Sura ya kufunga programu upya kompyuta ikiharibika haijaandikwa. Naomba wanachama wawili wajitolee, mmoja wao awe hajui kompyuta, aifuate kila hatua kwa mikono yake na kutuonyesha anapokwama. Nakala zilizochapwa ziko kwa katibu.