Wanangu wa Maabara, Chura Huyu Mlimtoa Wapi?

Wanangu mlio kwenye uzamili na uzamivu hapa Nairobi, mnaosomea vyura na jeni zao, hamjambo.

Nimejaribu kunyamaza tangu semina ya mwezi uliopita, nimeshindwa. Kijana mmoja, hodari wa kompyuta kwelikweli, alituonyesha uchambuzi wa jeni za vyura wa milima ya Taita. Michoro ilikuwa ya kupendeza na mti wa ukoo umepangika vizuri. Mama mmoja aliyeketi nyuma akauliza, vyura hawa walitoka msitu gani? "Taita." Msitu upi wa Taita? Kijana akatafutatafuta kwenye kompyuta, akasema lebo zimeandikwa hivyo tu. Aliyewashika ni nani? Mwenyeji aliyewaongoza. Jina lake? Hakulijua. Watu wakapiga makofi, wakaenda kunywa chai.

Chai ile ilinishinda kunywa, na nitawaambia kwa nini.

Taita si mahali pamoja. Kuna Mbololo, kuna Ngangao, kuna Chawia. Kila msitu uko kivyake, na kati yake kuna mashamba, barabara, nyumba za watu na mabonde. Humo ndimo anamoishi Callulina dawida, chura mdogo mwenye vinundu mwilini, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2009 na ambaye hapatikani kwingine kokote duniani. Huyu hahitaji bwawa la kutagia. Hana viluwiluwi, watoto hutoka mayaini wakiwa vyura kamili. Mnyama wa namna hii hafungi safari ya kukatiza shamba la mahindi lenye jua kali ili akatafute mchumba mlima wa pili. Kwa hivyo swali zima la kumhifadhi ni hili: waliobaki Chawia bado wanachanganya damu na wa Ngangao, au wameanza kuzaana ndugu kwa ndugu? Ukiandika "Taita" juu ya kichupa umelifuta swali lenyewe kabla hujawasha mashine. Hakuna programu itakayokurudishia.

Basi andikeni, wanangu. Andikeni kwa penseli, maana alkoholi ya kumhifadhia chura ikivuja kidogo inaondoka na wino wa kalamu, na lebo ya karatasi ngumu muitie ndani ya kichupa, msiibandike nje peke yake. Tarehe na saa. Msitu, kijito, urefu kutoka usawa wa bahari. Alikuwa juu ya jani au chini ya gogo? Alikuwa akilia au amenyamaza? Mvua ilinyesha jana, au wiki nzima haijanyesha? Na jina la aliyemwona kwanza, hata kama ni mchunga mbuzi. Fanyeni hivyo usiku huohuo, mvua ikiwanyeshea, msingoje kurudi hotelini. Daftari lisilo na tope hunitia shaka.

Nasisitiza jina la mwenyeji kwa sababu nimeona watu hawa wakitumiwa kisha wakasahauliwa. Huko huko Taita, karibu na Wundanyi, mkulima mmoja aliwahi kunionyesha kwa jembe lake mahali wanapokaa wale amfibia wasio na miguu, ambao mgeni huwaona akadhani ni nyungunyungu wakubwa. Aligeuza udongo mweusi uliochanganyika na samadi chini ya migomba, taratibu, asije akawakata. Akaniambia, hapa wapo, pale penye udongo mkavu usijisumbue. Hakukosea. Mwaka 2006 dunia nzima ilisoma kwamba watoto wa mnyama huyo, Boulengerula taitana, hula ngozi ya mama yao, nayo hunenepa kwa ajili yao. Ugunduzi wa namna ile unaanzia kwa mtu anayejua pa kuchimba. Jina lake liwemo kwenye shukrani zenu, na ujira wake uwemo kwenye bajeti. Mwenye friza na mashine analipwa; mwenye kuujua msitu anapewa soda. Ni aibu, na aibu hiyo ni yetu sote tuliowafundisha.

Msinielewe vibaya, jeni nazipenda. Chura aliyepatikana Mlima Kenya mwaka 2015 alikuwa mmoja tu, lakini kwa sababu alihifadhiwa vizuri na mahali pake pakaandikwa, mwaka 2024 alitambuliwa kuwa kiumbe kipya, Kenyaphrynoides vulcani, na jeni zake zikaonyesha kwamba ana jamaa katika milima ya Tanzania. Na chura wa Mlima Elgon, Arthroleptides dutoiti, hajaonekana tangu 1962. Anayetaka kumtafuta leo anategemea maandishi ya waliomshika zamani.

Tazameni pia Kihansi, kule Tanzania. Chura wa pale aliishi kwenye hekta chache zilizoloweshwa na mvuke wa maporomoko, bwawa la umeme likachukua maji. Mwaka 2000 karibu 500 walipelekwa Marekani, na wengi wakafa kabla watunzaji hawajajua mwanga na unyevu unaowafaa. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Urejeshaji ukaanza 2012. Aliyewaokoa ni mtu aliyekaa akawatazama wanavyoishi.

Mengine mnayajua, nayataja tu. Vibali kwanza. Gambuti zisuguliwe na kutiwa jiki kabla ya kuhamia kijito kingine, maana kuvu inayoua vyura husafiri na matope. Glavu mpya kwa kila chura. Vielelezo, yaani vyura mliowahifadhi, vipelekwe Makumbusho ya Taifa, visibaki chini ya meza ya mtu. Jifunzeni takwimu. Jifunzeni milio kwa masikio.

Wazazi wenu watawauliza vyura vinaleta ugali gani. Wajibuni kwa heshima. Nchi yetu ina tabia ya kukiita kinamasi "shamba lisilotumika", wakaja watu na malori ya udongo, na mafuriko yakiingia nyumbani tunalaumu mvua. Kazi yenu ni kuwa na ushahidi wa nani alikuwa akiishi pale kabla ya malori, ushahidi unaosimama mbele ya hakimu. Wakili wa mwenye kiwanja atauliza lile lile la yule mama: mahali gani hasa?

Nanyi wasimamizi wenzangu, tasnifu ikiletwa mezani bila orodha ya vielelezo, mahali na walioshiriki, irudisheni, hata kama mwanafunzi amebakiza wiki moja ahitimu na mama yake ameshanunua nguo ya sherehe. Mpeni nauli arudi msituni. Masika yanaanza Machi, vyura watakuwa wakilia.

Ni mimi mzee wenu,
Nairobi