Barua kwa mwanangu: zile alama nyeusi kwenye kibao chako

Mwanangu mpendwa,

Picha ya kibao chako cha kukatia imefika. Mama yako ameshawaonyesha wote wa humu ndani na wapita njia wawili watatu. Kazi ni nzuri. Nimeikuza picha mpaka ikaanza kufifia, nikitafuta mwanya kwenye maungio, sikuuona. Hiyo ni gundi iliyobanwa na mtu mwenye subira, na subira hukuirithi kwangu.

Lakini mama, ubavuni mwa kibao, upande ulio karibu na kikombe, kuna weusi. Umeupiga msasa, ukabaki kama alama ya moshi. Ile si rangi ya mti. Mbao imeungua pale, na mbao ikipita vizuri kwenye msumeno haiungui, huungua inapobanwa. Nyuma ya kibao nimeuona na msumeno wenyewe, ule wa umeme wa mezani. Ule ubapa wa chuma unaosimama nyuma ya bledi, lile duara la meno linalokata, uko wapi? Umeuziwa hivyo, au umeung'oa mwenyewe kwa kuwa ulikusumbua?

Nauliza kwa sababu meno ya mbele ya bledi yanashuka, yanaikandamiza mbao mezani. Ya nyuma yanapanda. Mbao ikijifunga pale nyuma, au ikipinda kidogo ikayagusa yale yanayopanda, hunyanyuliwa ikarushwa kwako kabla hujafumba jicho, na mkono uliokuwa ukisukuma unaweza kuvutwa kwenye bledi. Ubapa ule kazi yake ni moja, kuiacha njia ya msumeno wazi. Unene wake hupungua kidogo kuliko upana wa njia inayokatwa na meno, na huzidi kidogo mwili wa bledi, kwa hiyo tafuta uliotengenezwa kwa msumeno huohuo. Usikate bati ukaliweka pale.

Najua utakachosema kuhusu karakana yangu. Mama yako ameshalisema, tena kwa sauti, huku anautazama mkono wangu wa kushoto. Haya, tuendelee.

Kipime na kile kizuizi cha pembeni unachoegemezea mbao. Chomoa waya ukutani kwanza. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Litie wino jino moja, lilete mbele, pima kutoka jino hilo hadi kizuizi. Izungushe bledi kwa mkono jino lilelile lifike nyuma, upime tena. Ukikuta nafasi ya nyuma imepungua, hata kwa nusu milimita, umeshapata kilichounguza mbao yako. Legeza kizuizi, kinyooshe, pima upya. Nyuma kukizidi kwa unywele sitasema neno.

Na wakati wa kukata simama kando, usisimame kwenye mstari wa mbao. Kipande chembamba kisukume kwa kijiti. Unasema glavu huvai kwa sababu zina joto. Sababu si hiyo, ila umepatia, maana glavu ikinaswa na meno inaondoka na mkono. Mikono ya shati nayo ikunje. Barakoa vaa, vumbi la mbao limo kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani, hata kama karakana inanukia vizuri.

Umeandika kwamba kinachofuata utakiunga miraba miraba kama ubao wa drafti, nyuzi zikiwa zimesimama wima. Hapo nimefurahi kweli. Kisu kinaingia kati ya nyuzi badala ya kuzikata, makali hayaishi haraka, na mikwaruzo huwa haionekani sana. Kibao kipe unene wa sentimita 4 hivi. Ila usithubutu kukipitisha kwenye mashine ya randa! Nyuzi zilizosimama hazikwanguliwi, zinang'oka vipande vipande, na mashine inaweza kukupasulia kazi yote au kukurushia usoni. Tumia msasa namba 80 na jasho lako, halafu 120, halafu 180. Kisha kilowanishe kidogo, nyuzi zinyanyuke, kikauke, upige 220. Wengi huiruka hatua hiyo, halafu siku ya kwanza ya kuosha kibao kinakwaruza kama ulimi wa paka.

Lile wazo la kukizungushia fremu liache. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, kwa urefu ni kidogo mno. Ukiibana pande zote, fremu itaachia au kibao kitapasuka.

Halafu mafuta ya kupikia. Yanachacha, mwanangu. Baada ya muda kibao kitanuka na utailaumu mbao. Paka mafuta ya madini ya daraja la chakula, yaani yaliyosafishwa mpaka yanafaa kugusa chakula, ukitaka uyachanganye na nta ya nyuki, mafuta sehemu 4 kwa nta sehemu 1. Paka juu na chini sawasawa, maana upande mmoja ukinywa unyevu kuliko mwingine kibao kinajikunja. Kisilale kwenye maji. Nyama mbichi iwe na kibao chake, mboga chake.

Huku tupo. Mlango wa stoo umevimba tena, mdogo wako anaufungua kwa bega na nimemkataza mara nyingi. Amehamia kitandani kwako, anasema ni kwa muda. Mama yako mguu una nafuu, ingawa dawa anazimeza pale tu anaponiona namtazama. Ile pesa uliyotaka kututumia tuzibe paa la jikoni, ibaki hukohuko, ununulie ule ubapa. Paa limevuja tangu mnazaliwa, linaweza kungoja. Na usikate kitu usiku ukitoka kazini. Usiku gundisha, piga msasa, paka mafuta. Msumeno usubiri siku ya mapumziko, tena mtu akiwepo nyumbani.

Mama yako anasema chake kisiwe cha miraba, kitakuwa kizito. Anataka cha kubeba kwa mkono mmoja mpaka kwenye sufuria, mboga zikiwa juu yake. Atangoja. Mimi nataka kwanza picha ya msumeno kwa nyuma, waya ukiwa umechomolewa na uonekane.

Baba yako