Salamu za Krismasi kutoka Thogoto: tuutunze urithi wa Daktari Arthur, pamoja na jeraha lake

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, akina mama wa Woman's Guild, vijana, na jamaa wote walio karibu na walio mbali: nawasalimu kwa niaba ya nyumba yetu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Tumefikishwa Krismasi nyingine kwa neema tu. Mwaka ulikuwa mzito. Unga, mafuta ya kupikia na nauli za matatu vimepanda, na hata kabla chapati hazijakandwa mzazi anawaza karo ya Januari. Wengine mmezika. Sisi tulimzika mama mwezi wa Mei.

Tulipopanga vitu vyake tulifungua sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda miaka yote. Mlikuwa na kitambaa chake cha Guild kilichopigwa pasi, daftari la hesabu la babu alipokuwa mwanafunzi wa misheni hapa Thogoto, Kikuyu, na kadi ya ubatizo ya babu huyo huyo, mchwa wameila ukingoni hadi jina la mchungaji halisomeki. Nilikaa sakafuni nikalia. Nililia kwa ajili ya mama, na pia kwa ile kadi.

Babu alisoma enzi za Daktari John William Arthur, mmisionari wa Kanisa la Scotland. Arthur alifika Kikuyu mwaka 1907 akiwa daktari kijana kutoka Glasgow, akaanzisha hospitali. Dkt. Henry Scott alipofariki 1911 uongozi wa misheni ukamwangukia yeye, akawekewa mikono kuwa mchungaji 1915, akatumika hadi 1937. Ni enzi zake Kamau wa Ngengi, ambaye taifa lilimjua baadaye kama Jomo Kenyatta, alibatizwa hapa, mwaka 1914. Ni enzi zake vilevile, mwaka 1926, misheni za Kiprotestanti zilizoungana zilifungua Alliance High School. Wangapi kati yetu tumelishwa na wazazi waliojua kusoma kwa sababu ya kazi hiyo?

Lakini tusiusimulie urithi huu nusu. Mwaka 1929 Arthur alisimama kidete kupinga tohara ya wasichana. Katika hilo naamini alikuwa na haki, na mama aliamini hivyo. Kirore, yaani kutia alama ya kidole kwenye ahadi ya kuikana tohara hiyo, ndicho kilichotuumiza. Walimu waliokataa walifukuzwa, watoto wakafungiwa mlango wa shule kwa sababu ya kidole cha mzazi, na umati wa waumini ukaondoka. Babu alitia kidole. Kakake alikataa, akapeleka wanawe shule huru, zile za Wakikuyu waliojitenga na misheni. Hawakula tena pamoja, hata Krismasi. Walioondoka hawakuiacha elimu: mwaka 1939 chuo cha walimu kilifunguliwa Githunguri chini ya Mbiyu Koinange, ambaye mwenyewe alikuwa amepitia Alliance.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nasema kwa upendo lakini nasema wazi: urithi hautunzwi kwa kupaka rangi jengo na kukata keki ya maadhimisho. Lile kanisa dogo la kumbukumbu ya wamisionari Watson na Scott tulitunze, naam. Lakini fungueni na masanduku yenu! Kadi, barua, picha za darasa zisizo na majina, zitoeni kwenye unyevu na mchwa. Waketisheni wazee mkiwa mmekusanyika sikukuu hii, muwaulize waliosalia na walioondoka, mwandike majina ya walimu wetu Waafrika waliotembea kwa miguu kufundisha vijijini na hawana jengo lenye jina lao. Vijana, simu mnazo. Rekodini sauti za nyanya zenu. Kanisa linaloimba habari za mwanga huku likiacha kumbukumbu zake zioze litajibu nini watoto wakiuliza? Na tukiisha kuandika, tusamehane. Mtoto aliyezaliwa horini alikuja kwa pande zote mbili.

Mama aliniomba jambo moja kabla ya kulala, na tumelitimiza: mwaka huu wajukuu wa kakake babu watakula Krismasi kwetu. Mbuzi ni mmoja, bei ikiwa hii, lakini tutatoshana.

Nawatakia nyote Krismasi njema na mwaka mpya wenye heri, afya na amani. Mungu awabariki.