Kwa vijana wetu ambao bado hawana ushuhuda wa kutoa

Wanangu wapendwa,

Nawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Nimeamua kuwaandikia hadharani badala ya kumwita mmoja mmoja pembeni, kwa sababu jambo lililonisukuma kuandika nililiona mbele ya watu wote. Jumapili iliyopita, wakati wa ushuhuda ulipofika, binti mmoja alisimama akamshukuru Mungu kwa kupata kazi, na kanisa zima likajaa makofi na vigelegele. Nami nilifurahi pamoja naye. Lakini nilipogeuka kutazama benchi la nyuma, pale mnapopenda kuketi, niliona vichwa vimeinama. Mmoja wenu alikuwa ameweka magotini bahasha ya kaki yenye vyeti vyake, ambayo alikuwa amekuja nayo ili mchungaji amwandikie barua nyingine ya mapendekezo, na pembe za bahasha hiyo zilikuwa zimechakaa hadi zikawa laini kama kitambaa.

Najua mnayojiuliza, kwa maana mmeniuliza mkinibeba kwa bodaboda kutoka sokoni. Je, Mungu ana upendeleo? Je, kuna dhambi niliyosahau kuitubu?

Mimi ni mkulima wa miwa, kama wazazi wa wengi wenu hapa Kakamega. Miwa ya kwetu huchukua mwaka mmoja na nusu, wakati mwingine miaka miwili, kabla ya kukatwa, kwa hiyo anayeipanda amekubali kungoja tangu siku ya kwanza. Mwaka ambao kifungua mimba wetu alikuwa kidato cha pili, nilikuwa na ekari tatu zilizokomaa, na kiwanda hakikuleta trekta. Tulingoja hadi miwa ikatoa maua. Siku moja nilikata muwa mmoja kwa panga, nikaupasua, nikakuta tundu katikati na nyama yake imekauka kama gunzi. Malipo ya msimu uliotangulia yalikuwa hayajaja. Wiki hiyohiyo mtoto alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, akaingia boma akiwa na sanduku lake la bati kichwani, nami sikujua nimwambie nini.

Jioni hiyo mama yenu alichuma kunde zilizojiotea kandokando ya hiyo miwa, akazipika kwa munyu wa kienyeji, akasonga ugali, akatuita mezani. Nilikataa kuombea chakula. Akaomba yeye: "Baba, miwa imekauka, na wewe unaiona. Mtoto yuko hapa nyumbani, na mahali pake ni shuleni. Lakini kunde hizi hazikukauka, na sote watano tuko mezani. Asante. Amina."

Nimesikia mahubiri mengi maishani mwangu, na hakuna lililonifunza shukrani kuliko maombi yale mafupi, kwa sababu mama yenu hakumdanganya Mungu. Hakusema kwamba kukauka kwa miwa ni baraka iliyojificha. Aliitaja hasara kwa jina lake, kisha akakitaja kilichobaki kwa jina lake pia, akayaweka yote mawili mbele za Mungu mmoja. Mtoto wetu alipoteza muhula mzima. Sitawaambia kwamba baadaye alikuja kuwa mtu mkubwa, kwa maana masimulizi ya namna hiyo ndiyo yanayowaumiza ninyi mnaongoja bado.

Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike, "Shukuruni kwa kila jambo." Katika Kiswahili chetu neno "kwa" hubeba mizigo mingi, na wengi husikia kwamba wanatakiwa kushukuru kwa ajili ya kila jambo, hata kudhulumiwa, hata msiba. Neno la Kigiriki lililotumika pale lina maana ya "katika": tukiwa ndani ya kila jambo, tushukuru. Najua kwamba katika Waefeso 5:20 mtume huyo anakwenda mbali zaidi, na nakiri kwamba mimi mwenyewe bado sijafika alikofika yeye. Lakini hapa pa kuanzia panatutosha.

Tena, kumtumaini Mungu hakukuzuii kumlilia. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne katika aya mbili za kwanza, na zaburi hiyohiyo inamalizika kwa wimbo. Mtu aliyepoteza tumaini hamuulizi Mungu hata lini. Hunyamaza tu, akaacha kuja.

Liko jambo moja linalonihuzunisha, nalo ni jinsi tunavyowapa ninyi Yeremia 29:11. Mmeandikiwa aya hiyo kwenye kadi za mahafali, na mnaiona imebandikwa nyuma ya matatu: mawazo ya amani wala si ya mabaya. Ni neno la kweli, ila nawasihi msome sura hiyo tangu mwanzo. Ile nayo ilikuwa barua, iliyopelekwa kwa watu waliochukuliwa mateka hadi Babeli, na aya inayotangulia inawaambia kwamba watakaa huko miaka 70, maana yake wengi waliosomewa barua ile hawangeiona tena Yerusalemu. Katika sura ya 28, nabii Hanania alikuwa ametangaza kwamba mambo yangekwisha katika miaka miwili, na Yeremia alimjibu kwanza "Amina", kwa kuwa naye alitamani iwe hivyo. Mungu hakuwa amemtuma Hanania. Basi mnapoambiwa kwamba mwaka huu hautakwisha kabla hamjapata kazi, mradi mpande mbegu ya shilingi elfu moja, mkumbukeni Hanania, na kwa pesa hiyo mnunue kuku wa kufuga.

Kwa maana wale mateka waliambiwa nini wafanye katika kungoja kwao? Wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake, wauombee mji walimo. Hawakuambiwa waketi juu ya mizigo yao. Wewe unayeendesha bodaboda ukiwa na digrii, kazi hiyo si adhabu; ni bustani yako ya Babeli, na abiria uliyemfikisha salama hospitalini usiku ni sababu halali ya kumshukuru Mungu, hata kama barua unayoingoja haijaja. Endelea kutuma maombi ya kazi. Endelea pia kula matunda ya ulichopanda.

Sisi wazee wa kanisa tumekosa kwa kuwapa kipaza sauti wale waliopokea peke yao. Nimezungumza na mchungaji na wazee wenzangu, na tumekubaliana kwamba Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao wakati wa ushuhuda utakuwa wa wale wanaongoja. Atakayesimama ataje kile ambacho hajapata, bila aibu, kisha ataje kile ambacho hakijakauka, na kanisa litamwombea. Nitaanza mimi, kwa sababu malipo yangu ya miwa ya mwaka ule sijayapata hadi leo.

Baba yenu katika Kristo,
Mzee wa kanisa, Kakamega