Barua kwa mwanangu: kupita katikati ya shamba la mtu

Cheltenham, Jumapili usiku

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu ndani ya basi. Nimecheka ulipomwiga bibi, nikaacha kucheka ulipofika kwenye habari ya kijia cha chemchemi. Kwamba yule jirani mpya ameweka senyenge, na sasa mnazunguka barabara ya juu na ndoo kichwani. Kijia hicho nilianza kukipita nikiwa bado tumboni mwa bibi yako. Nitampigia mwenyekiti wa kijiji, hilo niachie mimi. Lakini mwishoni ukaniuliza kwa kunichokoza: "Mama, huko Ulaya si ndiko kila kitu kina uzio? Wewe unatembea wapi?" Basi nikueleze, kwa sababu ukija Julai nitakupitisha huko huko.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilitoka Winchcombe kwa miguu mpaka Bourton-on-the-Water. Njia yenyewe inaitwa Wardens' Way, maili 14, yaani kilomita 22 na kidogo. Ni mbali kuliko kuteremka kutoka Lushoto mpaka Soni, ila milima ya huku usiiogope. Kilele kirefu kuliko vyote katika Cotswolds, eneo hili la vilima hapa Uingereza, kina mita 330 tu. Bibi akiambiwa hicho ni kilima cha kupumzikia atauliza kilima kiko wapi.

Aliyenipeleka huko hajatoka kitandani mwaka wa pili sasa. Ni mzee mmoja ninayemhudumia kazini. Miguu imekataa, kichwa kiko sawasawa. Siku moja aliniuliza siku za mapumziko nafanya nini, nikamwambia nalala na kutazama simu. Alinikazia macho kama bibi anavyomtazama mtu aliyeacha ugali sahani nzima. Akaniomba nifungue droo, akatoa ramani iliyochakaa kwenye mikunjo. Kazini haturuhusiwi kupokea zawadi kutoka kwa wazee, hata jozi ya soksi, kwa hiyo nikakataa. Akasema hanipi, ananiazima. Nimrudishie siku atakayoweza kutembea.

Kwenye ramani hiyo sentimita nne ni kilomita moja, na imejaa vistari vya kijani vilivyokatika katika, kama mshono wa fundi aliyeanza kazi leo. Kila mshono ni njia ambayo mtu yeyote ana haki ya kuipita kwa miguu. Mtu yeyote, mwanangu, hata mimi. Haijalishi inakatisha shamba la ngano au inapita kwenye ua wa mtu. Ardhi ni yake, ila kupita ni haki ya wote. Sheria ya mwaka 1949 ndiyo iliyozilazimisha halmashauri za kaunti kuzichora njia hizi kwenye ramani rasmi. Mkulima akiilima njia inayokatisha shamba lake kwa ajili ya kupanda, anapewa siku 14 kuirudisha ionekane, upana usiopungua mita moja. Na njia ambayo watu wameipita miaka 20 mfululizo bila kuzuiwa wala kuomba ruhusa inaweza kuhesabiwa kuwa ya umma. Hapo msomee bibi kwa sauti. Yeye kijia kile amekipita zaidi ya miaka 60.

Usidhani walipewa bure. Mwaka 1932 vijana wa viwandani kutoka Manchester walipanda kwa mamia kwenye Kinder Scout, mlima ambao wenye ardhi waliufunga ili wawinde ndege. Wakapambana na walinzi, na watano kati yao wakafungwa jela, kwa sababu ya matembezi ya Jumapili. Mzee wangu alikuwa mtoto mchanga wakati huo, lakini anaisimulia kama aliyekuwepo.

Sasa nikwambie ukweli. Kujua sheria ni kitu kimoja, na kuingia kwenye shamba la mtu ni kingine kabisa. Winchcombe nilitoka vizuri, nikapita karibu na kasri la Sudeley (amezikwa hapo Katherine Parr, mke wa sita na wa mwisho wa mfalme Henry wa Nane, yule wa kuchinja wake zake), nikapanda, nikapita msituni. Kufika karibu na kijiji cha Guiting Power, kibao chenye mshale wa njano kikanielekeza katikati ya ngano. Haikuwa pembeni, ilikuwa katikati kabisa! Mshale wa njano ni wa waendao kwa miguu, wa buluu ni wa farasi na baiskeli pia. Nikasimama pale dakika tano nzima. Kwetu ukikutwa katikati ya mahindi ya mtu una maelezo ya kutoa. Na pale nilikuwa mtu mweusi peke yangu, tangu asubuhi sijakutana na mwingine.

Nikaingia. Nusu ya shamba nikasikia trekta. Nikaitoa ramani, nikaishika kifuani kama mtu anavyoshika kitambulisho akiona askari. Yule bwana akazima injini. Nikajiandaa kwa Kiingereza changu chote. Akauliza, "Lile geti la kule nyuma umelifunga?" Nikasema nimelifunga. Akashukuru, akawasha trekta, akaenda zake. Maneno yangu yote yakabaki mdomoni. Nilikaa ukutani nikanywa chai ya kwenye chupa, mikono ikitetemeka, nikala chapati mbili badala ya moja.

Ukuta niliokalia haukuwa na saruji hata kijiko. Huku kuta za mashamba ni mawe matupu yamepangwa moja juu ya jingine, yakakaa miaka na miaka. Nyumba nazo ni za mawe hayo hayo, rangi ya andazi lililoiva, kwa hiyo kijiji ukikitazama kutoka juu unaona kama kimeota ardhini. Fedha ya kujenga vile zamani ilitoka kwenye manyoya ya kondoo. Kondoo wenyewe bado wapo, na mwezi huu wana watoto wanaorukaruka bila sababu. Kijiji cha Naunton kuna nyumba ya njiwa ya mawe, kubwa kuliko nyumba ya baba yako mdogo, na usimwambie nimesema.

Halafu kuna vijiji viwili vitakavyokuchekesha, Upper Slaughter na Lower Slaughter. Wewe na Kiingereza chako cha shule utasema Machinjio ya Juu na Machinjio ya Chini. Nami nilisema hivyo hivyo, mzee akacheka mpaka akakohoa. Hakuna aliyechinjwa. Jina limetokana na neno la Kiingereza cha kale la mahali penye matope, na matope utayaona mwenyewe. Kile cha chini kina kinu cha maji chenye bomba la moshi la matofali mekundu, nalo limekaa kati ya nyumba zile za mawe kama mgeni aliyekosea sare ya harusi.

Cha juu nilikaa zaidi. Kijito kinakatisha barabara pale, magari yanapita ndani ya maji. Kijiji hicho ni kati ya vichache sana Uingereza ambavyo watu wake wote waliokwenda vita vya 1914 walirudi hai. Wakaenda tena vita vya pili, wakarudi tena wote. Vijiji vingine vyote nilivyopita vina mnara na majina ya waliokufa. Hapo ni ubao wa kushukuru. Nikasimama nikamkumbuka babu yake bibi yako, aliyechukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo katika vita hiyo hiyo. Hakurudi. Hakuna ubao uliomwandika, wala wa kuomboleza wala wa kushukuru. Jina lake analijua bibi, nalo umwombe akutajie kabla hujasafiri, uliandike mahali.

Bourton sina mengi ya kusema. Mto Windrush unapita katikati na madaraja mafupi ya mawe, watu wengi, aiskrimu ghali. Kitu kimoja utakipenda: kuna mfano wa kijiji chenyewe, umejengwa kwa mawe kwa kipimo cha moja ya tisa, umefunguliwa tangu 1937. Ndani ya kijiji kidogo kuna kijiji kidogo zaidi, na ndani yake kingine. Mimi nilikuwa nimechoka, nikakaa kwenye nyasi nikavua buti. Basi la kurudi nililisubiri saa nzima na dakika zake, maana sikuuliza ratiba mapema. Safari yetu tutaiuliza.

Jumatatu nikamhadithia mzee. Yeye hataki mandhari, anataka kujua kama geti fulani baada ya msitu bado linakwama. Linakwama. Alifurahi sana.

Ukija, haya yashike. Geti ulilolikuta wazi liache wazi, ulilolikuta limefungwa lifunge. Ng'ombe mwenye ndama usipite kati yake na mtoto wake. Wewe wa mlimani hilo halikushindi. Pembeni mwa njia kuna majani yanayowasha kama upupu, kwa hiyo suruali ndefu, hata jua likiwaka. Na usikimbie ukiona mtu shambani. Salimia tu kwanza. Mimi nitakuwa mbele yako, sitatetemeka tena, au nitatetemeka kidogo.

Kijia cha chemchemi msikikate senyenge usiku, nawajua wewe na binamu zako. Bibi aandike majina ya wazee waliokipita wangali hai, mwenyekiti ayapeleke baraza la ardhi la kijiji. Nitapiga simu Jumatano nikitoka zamu.

Buti nitakununulia huku, za mitumba zilizo nzima zipo. Vaa soksi nene, simama juu ya karatasi, bibi achore miguu yote miwili kwa penseli, kisha upime kwa rula na uniandikie. Usisimame kwa kuegemea ukuta, mguu unajificha. Na wa kulia auchore kwa uangalifu, maana kwetu sote ndio mkubwa.

Mpe bibi shikamoo yangu.

Mama yako