Usinunue Subaru kwanza

Sema kaka,

Meseji yako nimeiona jana usiku nikacheka, halafu nikaanza kuogopa. Eti unataka kuanza mbio za magari, kuna Subaru Impreza ya tabo hapo Mombasa, mwenyewe anauza haraka haraka, na wewe ushaanza kuulizia loni ya sacco. Ngoja kwanza. Usimtumie hata shilingi.

Najua hii kitu imetoka wapi. Sisi ndio wale watoto tuliokuwa tunasimama kando ya barabara kungoja Patrick Njiru, yule dereva wa rali, apite na Subaru, tunarudi nyumbani nywele nyekundu kwa vumbi na mama anatungoja mlangoni na kiboko. Na tangu Safari Rally irudi kwa mashindano ya rali ya dunia 2021 pale Naivasha ndio basi, kila mtu mwenye Subaru anajiona dereva.

Mimi nilianza na Toyota Starlet kuukuu, tairi za mbele ndizo zinavuta, tabo haina, nikaenda nayo autokrosi hapa Jamhuri, Nairobi. Ni njia ya mchanga tu, unashindana na saa, hakuna navigeta wa kukaa kando yako akusomee noti za kona, na ukikosea kawaida unaishia kwa nyasi sio kwa korongo.

Sasa asubuhi kabla ya kukimbia kuna ukaguzi. Nilikuwa nimeosha gari, nimebandika namba mlangoni, najisikia kweli kweli. Yule mzee wa ukaguzi injini hata hakuiangalia. Alishika betri akaitikisa, ikacheza. Akaniangalia tu. Halafu akainama ndani, akavuta kapeti ya dereva akaitupa nje, akapapasa chini ya kiti akatoa chupa ya soda, tupu, akaisimamisha juu ya boneti watu wote waone. "Hii ikibingirika ikae nyuma ya breki, utafanyaje?" Sikuwa na jibu. Betri niliifunga na spana ya kuazima, mikono inatetemeka.

Kona ya kwanza niliingia kama mwenda wazimu, pua ya gari ikaenda moja kwa moja, nikazidi kukata usukani nayo ikazidi kwenda, nikala koni mbili. Baadaye fundi akaniambia tairi za mbele zikiteleza punguza mafuta kidogo zishike kwanza, ndio gari igeuke. Raundi ya mwisho niliona kama natembea polepole, kumbe ndio ilikuwa taimu yangu nzuri ya siku hiyo. Ah, na vidole gumba usivifungie ndani ya usukani, tairi ikigonga jiwe usukani unarudi na nguvu, kidole kinavunjika hivi hivi.

Pesa ya tabo weka kwa mwili wako. Helmeti ya bodaboda hawakubali, na ya mtumba mimi siigusi, inaweza kung'aa nje na ndani ilishapasuka siku mwenyewe alipoanguka nayo. Ovaroli isiyoshika moto, mikanda, kiti, fire extinguisha. Roli keji, ile fremu ya vyuma ya kukukinga gari likipinduka, ichomelewe na mtu anayejua sheria zake, usikubali jua kali akuwekee paipu za maji. Laiseni ya barabara pekee haitoshi, kuna ya mashindano, hiyo inatoka KMSF, shirikisho la mbio za magari Kenya, lakini ingia klabu kwanza, hao watakushika mkono kwa hizo fomu zote.

Ama fanya hivi. Autokrosi ikija panda treni ya usiku uje, kochi liko, nitakuombea usimame na bendera kwa kona siku nzima. Utaona wenye magari makali wakifunga breki wakiwa washachelewa, na mtu na kigari chake kidogo anapita hapo hapo kama anaenda dukani. Kofia usisahau, na viatu vya kufunga, sio hizo sandals zako.

Halafu hiyo mambo ya kujaribu magari usiku barabara ya Nyali wacha, nitampigia mama yako, unajua nitampigia.

Starlet bado iko, bampa nimeifunga na waya. Ukifika utazunguka nayo kidogo. Na huyo wa Impreza mwambie simu yako imeisha chaji.

Wako wa vumbi