Zuwena, usiilipie ile simu kwanza

Shoga yangu Zuwena,

Kabla ya salamu: ile simu ya kumnunulia mama uliyonitumia picha yake jana, usiilipie. Kama umeshalipia, usiitoe kwenye boksi. Kama umeshaitoa, basi soma tu barua hii huku ukifikiria utamgawia nani.

Sasa assalaam alaykum. Hujambo, watoto hawajambo, na baba watoto mgongo umetulia? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, joto tu linatutoa jasho na vuli imetuhadaa, mawingu kila jioni na tone halidondoki. Bi Saumu anakusalimu, anasema ile chupa ya udi haijamfikia na anajua iliishia kwa nani. Mimi simo.

Nimeona nikuandikie kirefu maana sauti nikikutumia unazisikiliza mbio mbio, nusu zinakupita, halafu unanijibu "sawa" kwa jambo ambalo si la sawa.

Habari ni hiyo simu ya mama. Aliyonayo sasa jina lake silitaji, nisije nikaitwa mbele. Tuliinunua mpya, na plastiki yake, dukani barabara ya 12. Muuzaji kaiwasha mbele yetu, na ndani mna wapangaji tayari. Vivinjari vitatu. Duka la apu mbali na lile la Google. Michezo ya kupasua peremende. Apu ya kusafisha simu, na nyingine eti ya kuipoza simu isipate joto. Ukitelezesha kidole upande wa kushoto unakuta habari za wachezaji mpira walioachana na wake zao na kina mama waliopungua kilo kwa maji ya ndimu. Hakuna hata kimoja ambacho mama yangu alikiomba. Na sikiliza vizuri hapa, maana ndipo palipo na jambo langu: hawa wapangaji kodi wanamlipa mwenye kampuni, sisi tunabaki kuwalipia umeme na maji. Chaji ni yetu, bando ni letu, nafasi ya picha za wajukuu ni yetu.

Juzi nimekaa naye barazani anamtumia Mwanaidi hela ya mchele. Unamjua mama, anabonyeza kwa kidole cha shahada, huku midomo inasoma. Kapiga *150*00#, kafuata menyu yote, namba kaihakiki tarakimu moja moja, kafika penye namba ya siri. Kioo kikageuka chekundu. "Simu yako ina virusi! Safisha sasa." Chini yake kitufe cha kijani, kipana kama sahani. Cha kufungia ni kijialama kidogo pembeni, kijivu juu ya kijivu, mimi mwenye macho nilikitafuta. Mama kabonyeza kijani. Angebonyeza nini kingine? Likazunguka duara, ikajisifu kuwa imesafisha, kisha ikaleta tangazo la mkopo wa papo hapo. Kurudi kwenye menyu, muda umekwisha, anza upya. Mama kaiweka simu mkekani kaniuliza, "Mwajuma, hii simu ni yangu au ni yao?" Nilikosa la kumjibu.

Nikamwita Salimu wa dada Rukia. Ukiingia kwenye mipangilio, sehemu ya programu, zipo zenye kitufe cha kuondoa, hizo zinatoka. Zipo zenye kitufe cha kuzima tu. Zinalala, lakini chumba hazihami. Na zipo ambazo kitufe kimepauka, ubonyeze mpaka kidole kiote sugu. Hizo za mwisho Salimu alichomeka simu kwenye laptopu kwa waya wa chaji, akafungua kidirisha cheusi, akawa anaandika mstari anafukuza moja, anaandika mwingine anafukuza nyingine. Zikatoweka, nikamnunulia soda. Kumbe nimeshangilia mapema. Anasema hazijafutika, zimeondolewa tu kwa huyu mtumiaji. Siku fundi akiirudisha simu ilivyotoka kiwandani, zinarejea zote na mabegi yao.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza. Hamadi muuza simu ananikimbia nikipita pale kibandani kwake. Lakini nimeelewa kwa nini simu nzuri inauzwa rahisi. Lei Jun, mwenye Xiaomi, alitangaza mwaka 2018 kwamba kwenye vifaa kampuni yake haitachukua faida halisi inayozidi asilimia 5. Watu wakapiga makofi. Ila kampuni haili makofi, faida nyingine wanaitafuta kwenye huduma za intaneti, na matangazo ndiyo humo. Ndiyo maana Redmi yao inakupa kamera na chaji ya haraka kwa bei ya kuchekesha, halafu unafungua mafaili yako unakuta tangazo limekaa juu. Mengi yanazimika ukiyatafuta kwenye mipangilio, apu moja baada ya nyingine. Ni kazi ya mtu mwenye subira na macho. Mama macho hana, mimi subira sina.

Tecno, Infinix na itel unaowaona wanagombania mabango ni tumbo moja hao, wote wa Transsion ya Shenzhen, kampuni iliyoanza 2006. Siwasemi vibaya, wametusitiri. Laini mbili walituwekea wakati wengine wanatuona washamba kwa kuzitaka, betri inahimili kukatika kwa umeme, na kamera yao inajua kuupimia mwanga uso mweusi, si zile za zamani tulikuwa tunatoka meno matupu. Kioo kikipasuka, fundi yeyote Ngamiani anacho. Ila nazo ukiwasha, Palm Store, Phoenix, AHA Games, Boomplay. Boomplay nawasamehe, nasikilizia taarabu.

Na hiyo ya kwenye picha yako, Zuwena! Boksi limeandikwa RAM 16 kwa herufi za kuvukia barabara. Sogeza picha, soma maandishi madogo chini: 8+8. Nane ya kwanza ndiyo RAM, kumbukumbu ambayo simu inafanyia kazi. Nane ya pili ni kipande cha hifadhi kinachoazimwa kifanye kazi ya RAM, na hakiwezi kwenda mbio kama yenyewe. Kwa hiyo wanakukata kwenye nafasi ya picha, wanakurudishia kwa jina jingine, na boksi linapendeza. Simu inafanya kazi, sikatai. Lakini usilipie kumi na sita.

Nikwambie ninayoitaka? Nimezunguka sana. Nokia za kampuni ya HMD ndizo nilizokuwa nazipigia debe. 2018 waliingia kwenye mpango wa Google uitwao Android One, simu inawaka nyeupe, mna simu, meseji, kamera na za Google, basi. Ya Rukia ni hiyo na haijawahi kumpigia kelele. Ila sasa HMD wanatoa simu kwa jina lao wenyewe, na madukani hapa Tanga ukizitaja unatazamwa. Pixel ya Google ni safi kupita zote, na kuanzia Pixel 8 ya mwaka 2023 wanaahidi apdeti za miaka 7. Hamadi anazisifu mno, lakini anaziuza. Zinazotufikia ni za mkononi kutoka Marekani, nyingine zimefungwa kwenye mtandao wa huko hazishiki laini zetu, na kioo chake mpaka mtu apande basi Dar, na Dar kwenyewe aombe Mungu. Mama anaangusha simu, unamjua.

Basi nimeangukia Samsung A16. Ilitoka mwishoni mwa 2024, na ahadi yake ni matoleo 6 mapya ya Android na apdeti za usalama miaka 6. Kwa simu ya bei ya chini hiyo ni ahadi nzito. Mimi nachukua bei naigawa kwa miaka ambayo simu itaendelea kupewa apdeti, na hapo zile za bei rahisi zinageuka ghali. Kioo inchi 6.7 mama aone bila kukunja uso, betri ya 5000, na pa kuchomeka kadi ya memori. Si malaika nayo: utakuta vitu vya Microsoft, utakuta Facebook, duka lao la Galaxy. Lakini nyingi ukizizima zinatulia, hazimpigii bibi wa watu kelele za virusi katikati ya muamala. Usafi wa Pixel siutaki tena, nataka utulivu.

Sasa tatizo ni kwamba unanunulia Ruwi, huko Maskati. Samsung za A na M zinazouzwa pande zenu, Asia Magharibi na Afrika Kaskazini, zimelalamikiwa kwa kuja na kitu kinaitwa AppCloud, kazi yake kukushawishi uweke apu nyingine, na kuking'oa ni taabu. Shirika la SMEX la Lebanoni liliwaandikia Samsung barua ya wazi mwaka 2025 kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo simu jina lile lile, boksi lile lile, ikitoka soko hili ina mpangaji na ikitoka soko lile hana. Nakuomba, muuzaji akiiwasha usimwachie abonyeze "endelea, endelea" kama wanavyofanya. Ishike mwenyewe. Ikikuorodheshea apu za kuweka, toa alama zote za tiki. Kisha ingia kwenye orodha ya programu, tafuta AppCloud. Ikiwepo, angalia kama inakubali kuzimwa. Isipokubali iache hapo hapo, nitatafuta Dar, mama atavumilia na hii yake kidogo. Atalalamika, lakini atavumilia.

Chukua ya GB 128. Simu yoyote ya 64 mfumo wenyewe unajikatia fungu nene, inayobaki inajazwa na video za mawaidha na za kuku wa Rukia. Najua zitajaa tu hata hiyo.

Ikifika hapa nitapiga *#06#, IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, niitume 15090 nihakiki kama si feki. Usinune, si kwamba sikuamini wewe. Unakumbuka Juni 2016 TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, walipozizima simu feki nchi nzima, Bi Saumu alivyoililia ile yake ya antena ya televisheni? Mpaka leo anayo kabatini, anasema serikali itabadili mawazo.

Hela zisikupe wasiwasi. Kaka Idi ametoa, Rukia ametoa, Mustafa ametoa ahadi. Ukinipa bei nitamkabidhi mama yako mkononi kule Makorora, ili usihangaike na makato ya kutuma na kupokea. Kama inazidi kidogo niambie, nina magauni ya harusi ya kina Tunu nayamaliza wiki hii, mmoja bado ananipunguzia kiuno kila akija kupima. Hiyo ni habari nyingine, nitakusimulia, maana yule binti... acha tu.

Nilichokuwa nataka kusema zaidi ni kuhusu mama. Alipouliza simu ni ya nani hakuwa anatania. Tangu siku ile akitaka kutuma hela ananingoja mimi, mtu aliyekuwa anauza vitumbua na kuhesabu chenji gizani bila kukosea. Anaogopa kubonyeza. Mustafa anasema tumnunulie kitochi tumalize maneno, lakini kitochi hakitamwonyesha wajukuu wa Maskati, na wewe ndiye uliyemzoesha kuwaona kila Ijumaa. Kwa hiyo una sehemu yako katika jambo hili, shoga, usijitoe.

Nijibu haya basi. Umelipia au hujalipia? Kama umelipia, risiti unayo, na wanakubali ubadilishe na kuongeza? A16 huko riyali ngapi, na ile A17 iliyoifuata bei imepishana sana au ndiyo ile ile? Zinazouzwa hapo ni za laini mbili za kawaida? Mama ana laini mbili na hakuna ataacha. Unakuja lini hasa, na unashukia Dar au Unguja? Ukishukia Unguja utavuka vipi kuja Tanga, au nimtume Salimu akupokee? Na habari ya Asha na yule bwana wa Seeb, ni kweli imefungwa ndoa au ni maneno ya Mwanaidi? Mama yake hapa anaulizwa barabarani anageuza shingo.

Watoto wape busu, baba watoto msalimie.

Wako,
Mwajuma

Kava inunue huko huko tafadhali. Za hapa zote zina maua yanayong'aa, na mama keshasema yeye si bibi harusi.